Bastola yangu ina leseni: kwa nini niulizwe kuhusu silaha haramu?

Swali: "Nina bastola yenye leseni na sijawahi kuitumia vibaya. Lakini kila majambazi wanapoua kwa silaha haramu, tunaobanwa ni sisi wenye leseni: ukaguzi mpya, fomu mpya, ada mpya. Jambazi haendi kuomba leseni, kwa nini mimi nibebe mzigo wake? Na je, bastola yangu ikiibwa kisha ikaua mtu, nitashtakiwa? Tena shemeji yangu ananiomba nimnunulie bunduki kwa jina langu kwa sababu maombi yake yamekwama. Ni mtu safi, sidhani kama kuna ubaya. Nyumbani pia tuna bunduki ya marehemu baba isiyo na karatasi. Imekaa tu darini, hakuna anayeigusa."

Ndugu yangu,

Umeanza na lalamiko, ukafuatisha maswali mawili, kisha ukamalizia na sentensi mbili ulizoziandika kana kwamba ni jambo la kupita tu. Hizo mbili za mwisho ndizo zilizonishtua. Nitazifikia, ila nisikuweke roho juu. Mzigo wa jambazi si wako. Mzigo wa bastola yako ni wako, na hauishi siku inapotoka mikononi mwako. Shemeji usimnunulie. Bunduki ya darini inataka hatua wiki hii hii.

Nianze na lalamiko, kwa kuwa lina ukweli ndani yake na wanaojibu watu kama wewe mara nyingi hulipuuza. Mwenye leseni ndiye anayeonekana. Ana anwani, ana picha kwenye faili, akiitwa anafika. Serikali inapotaka ionekane inachukua hatua baada ya mauaji, ni rahisi kumwita yeye kuliko kumsaka aliyejificha. Kanuni za namna hiyo zipo, na mwenye silaha ana haki kamili ya kuzipinga, mahakamani na bungeni. Mimi huipima kila kanuni kwa swali moja: inaziba njia gani ambayo bunduki halali huipitia hadi kuwa haramu? Kupandisha ada hakuzibi njia yoyote. Kukuuliza bastola yako inalala wapi usiku kunaziba mojawapo ya njia kubwa kuliko zote.

Hapo ndipo hoja ya "jambazi haombi leseni" inapopungua nguvu. Ni kweli haombi. Lakini aliipata wapi? Karibu kila bunduki ya kiwandani inayokutwa kwa mhalifu ilitengenezwa kihalali, ikapigwa namba, ikauzwa kwa risiti. Mahali fulani katikati ikabadilisha mikono bila karatasi. Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, ilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani kuna bunduki zaidi ya bilioni 1, na kati ya hizo milioni 857 zimo mikononi mwa raia. Majeshi yote yana takriban milioni 133, na polisi na vyombo vingine vya usalama hawafiki milioni 25. Kwa hiyo tunapozungumzia mahali ambapo silaha zinaweza kuvuja, nyumba za raia wa kawaida ni sehemu kubwa sana ya hesabu hiyo, hata kama raia wenyewe ni watu wema.

Wizi ndio mfano ulio wazi. Nchini Marekani, taarifa za serikali zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 2017 na 2021 bunduki zaidi ya milioni 1 ziliripotiwa kuibwa, na zaidi ya tisa katika kila kumi ziliibwa kwa watu binafsi. Zilizotoka kwenye maduka ya silaha zilikuwa chache. Na hizo ni zile tu zilizoripotiwa. Sheria ya shirikisho nchini humo inamtaka muuza silaha mwenye leseni atoe taarifa ya wizi ndani ya saa 48, lakini mtu binafsi haimlazimishi kutoa taarifa hata kidogo. Ni baadhi ya majimbo tu yaliyoziba pengo hilo. Hivyo bunduki inaweza kuondoka kwenye gari lililoegeshwa usiku, ikauzwa mara tatu, ikaua, na mwenyewe asiwe amemwambia mtu yeyote. Huyo mwenyewe ni raia mwema kabisa. Hakumpiga mtu yeyote risasi. Lakini huwezi kusema kwamba bunduki yake na ile ya jambazi ni vitu viwili visivyohusiana, kwa sababu ni bunduki moja.

Njia nyingine hazikuhusu, na hapo niko upande wako. Kuna silaha zinazovushwa mipakani kutoka kwenye vita vilivyokwisha au vinavyoendelea. Kuna zinazounganishwa nyumbani kutokana na vipande vinavyouzwa kama seti, zisizo na namba yoyote. Marekani ilitunga kanuni mwaka 2022 kuzitaka seti hizo zifuate masharti ya bunduki nyingine, na mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, iliyo juu ya mahakama zake zote, ikaiacha kanuni hiyo isimame. Kumkagua mwenye bastola ya dukani hakumzuii anayejiundia yake gizani.

Halafu kuna uvujaji unaotoka serikalini kwenyewe, na huu unanikera zaidi ya mwingine wote. Afrika Kusini ina sheria kali ya silaha tangu mwaka 2000. Raia walisalimisha bunduki zao, polisi wakakamata nyingine, na zote zilipaswa kuharibiwa. Badala yake, Christiaan Prinsloo, kanali wa polisi aliyekuwa na dhamana juu ya silaha hizo, alishiriki kuziuza. Takriban bunduki 2,000 zilivuja, nyingi zikaishia kwa magenge ya Cape Town, na watoto wakafa kwa risasi zilizotoka kwenye bunduki ambazo kwenye vitabu hazikuwepo tena. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha miaka 18. Serikali inayomdai raia uangalifu juu ya bastola moja inapaswa kudaiwa zaidi juu ya ghala zima.

Hata kuzembea kwa maandishi kunaua. Mwaka 2017 mtu mmoja aliwaua watu 26 kanisani Sutherland Springs, Texas. Aliwahi kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kumpiga mkewe na mtoto, hukumu iliyomzuia kununua bunduki, lakini Jeshi la Anga halikuipeleka kwenye kumbukumbu za taifa, kwa hiyo kila alipokwenda dukani jina lake lilirudi safi. Mwaka 2021 jaji wa shirikisho aliamua kwamba serikali ilibeba asilimia 60 ya wajibu wa madhara yale. Naona uamuzi huo una maana kubwa kwa swali lako. Wajibu uligawanywa kufuatana na nani alikuwa na uwezo wa kuzuia, kwa hatua ipi, na akaacha kuichukua. Mwuaji alibaki kuwa mwuaji, na bado wengine walikuwa na cha kujibu.

Sasa bastola yako ikiibwa.

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na lazima usome ya kwako au umwone wakili anayeijua. Lakini muundo wa fikra unafanana sana popote utakapokwenda. Mwizi aliyevunja nyumba, akavunja na sefu, akaondoka na bastola, kisha akaua, hutenda makosa yake mwenyewe kwa hiari yake mwenyewe. Mahakama nyingi zitasema tendo lake limekata uhusiano kati yako na kifo kile. Hutashtakiwa kwa mauaji. Unaweza kuulizwa mambo mawili tu: ulikuwa umeihifadhi vipi, na ulitoa taarifa lini.

Mambo hayo mawili yanatosha kukuangusha. Kuhifadhi silaha ovyo ni kosa peke yake katika nchi nyingi, hata kama hakuna aliyeumia. Kuchelewa kuripoti vilevile. Na kabla hujafika mahakamani, mamlaka ya leseni inaweza kukunyang'anya leseni, kwa sababu kiwango chake cha ushahidi ni cha chini kuliko cha kesi ya jinai. Baadaye familia ya marehemu inaweza kukudai fidia katika kesi ya madai, ambako nako uzembe huthibitishwa kwa urahisi zaidi.

Hali inabadilika kabisa pale aliyeichukua bastola anapokuwa mtu wa ndani. Mwaka 2009, Machi 11, kijana wa miaka 17 aliwaua watu 15 katika miji ya Winnenden na Wendlingen, Ujerumani, kisha akajiua. Baba yake alikuwa mlenga shabaha wa klabu, mmiliki halali wa bunduki 15. Kumi na nne zilikuwa zimefungiwa kwenye sefu. Moja, bastola, ilikuwa kabatini chumbani. Baba alitiwa hatiani kwa kusababisha vifo kwa uzembe na akapewa kifungo cha nje. Kesi ilirudiwa baada ya rufaa, na matokeo ya msingi yakabaki yale yale. Mwaka huo huo wa 2009 Ujerumani ilibadili sheria yake ili maofisa waweze kukagua mahali pa kuhifadhia silaha bila kuhitaji kumshuku mwenye nyumba. Wamiliki wengi wa silaha walilalamika kwamba faragha yao imeingiliwa. Nayaelewa malalamiko hayo. Pia najua kwamba bunduki 14 zilizofungiwa hazikumsaidia mtu yeyote siku ile.

Michigan, Marekani, mambo yalikwenda mbali zaidi. Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne katika shule ya sekondari ya Oxford kwa bastola ambayo baba yake alikuwa ameinunua siku nne tu kabla. Wazazi, James na Jennifer Crumbley, walitiwa hatiani mwaka 2024, kila mmoja kwa kesi yake, kwa kuua bila kukusudia, na kila mmoja akapewa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Walikuwa wazazi wa kwanza nchini humo kuhukumiwa kwa kosa hilo kutokana na mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Ushahidi uliowaangusha ulihusu yale waliyoyajua. Asubuhi ya siku ile waliitwa shuleni wakaonyeshwa mchoro wa bunduki na maneno ya kukata tamaa aliyoyaandika mtoto wao, wakaondoka bila kumchukua na bila kusema kwamba kuna bastola mpya nyumbani.

Ukiziweka kesi hizi mbili pamoja utaona sheria inatazama wapi: je, ulijua, au mtu mwangalifu aliyekaa mahali pako angejua, kwamba mkono fulani ungeweza kuifikia silaha hiyo? Mwizi usiyemjua aliyekuja na mtaimbo ni jambo moja. Kijana mwenye msongo wa mawazo anayelala chumba cha pili, na ufunguo wa sefu uko juu ya kabati ambako kila mtoto wa nyumba anajua, ni jambo jingine kabisa. Wenye silaha wengi niliozungumza nao wanamwogopa wa kwanza. Mimi ningewaomba wamfikirie zaidi wa pili. Na si kwa sababu ya mauaji ya shuleni tu, ambayo ni machache, bali kwa kujiua, ambako ni kwingi mno na hakuandikwi magazetini. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vyote vya bunduki ni vya watu waliojiua, na bunduki inayotumika mara nyingi ni ile ile iliyokuwa ndani ya nyumba.

Kwa hiyo sefu yako iwe imefungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, maana sefu ndogo isiyofungwa mahali ni mkoba wa mwizi. Risasi zikae kwenye kasha jingine lenye kufuli yake. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa nyumbani. Gari lisiwe ghala hata kwa usiku mmoja. Andika namba ya bastola, aina yake na alama zake, upige picha, na uviweke mbali na bastola yenyewe, kwa sababu bila namba taarifa yako polisi haina kazi: haiwezi kuingizwa kwenye kumbukumbu, na siku bastola ikikamatwa hakuna atakayejua ni yako wala iliibwa lini.

Ikiibwa, toa taarifa siku hiyo hiyo. Nalisisitiza hili kwa kuwa najua kinachowachelewesha watu wema: wanamshuku mtu wa ndani. Kijana wa dada, mlinzi, rafiki aliyelala juzi. Wanataka kwanza kuuliza kimya kimya, kuinusuru familia na aibu. Siku tano zinapita. Ndani ya siku hizo bastola inaweza kuwa imeshafika mbali, na rekodi itaonyesha kwamba ulijua ukanyamaza. Huruma hiyo nimeiona mara nyingi, na haijawahi kumsaidia yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Nimesema namba ni muhimu, na hapa inafaa ujue polisi wanavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo sababu wanaweza kukugongea mlango. Bunduki ikikamatwa katika tukio, wachunguzi husoma namba yake, humwuliza mtengenezaji alimuuzia muuzaji gani wa jumla, huyo naye anataja duka, duka linamtaja mnunuzi wa kwanza. Hapo mnyororo wa karatasi mara nyingi unakatika. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ya mwaka 2001 inazitaka nchi wanachama zihakikishe kila bunduki inapigwa alama inapotengenezwa na kumbukumbu zake zinatunzwa kwa angalau miaka 10, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 iliongeza masharti ya namna hiyo kwa nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Yote hayo yanaishia kwa jina la mtu. Jina hilo likiwa lako, na una hati ya mauzo au taarifa ya wizi yenye tarehe, mazungumzo yanakwisha dakika kumi. Usipokuwa nayo, utaeleza kwa muda mrefu.

Baadhi ya wamiliki wanauogopa mnyororo huo wenyewe. Wanasema leo ni orodha, kesho ni kunyang'anywa. Hofu hiyo isidharauliwe, maana serikali mbaya zimewahi kutumia orodha za kila aina vibaya. Marekani imeichukulia kwa uzito kiasi kwamba sheria ya mwaka 1986 inakataza shirikisho kuanzisha daftari la taifa la wamiliki wa bunduki, na kituo cha kufuatilia asili ya silaha kilichoko Martinsburg, West Virginia, hakiruhusiwi kutafuta kumbukumbu zake kwa jina la mnunuzi kama unavyotafuta kwenye kompyuta nyingine. Gharama ya ulinzi huo ni ucheleweshaji na mapengo katika upelelezi. Mimi binafsi naona daftari lenye mipaka ya kisheria, linalofunguliwa kwa sababu maalumu na kuacha alama ya nani alilifungua, ni bora kuliko kutokuwa nalo. Ila anayelikataa simwiti mtetezi wa majambazi.

Kwa kuwa nimeitaja Marekani, tuiangalie haki yenyewe ya kumiliki silaha pale inapolindwa kwa nguvu kuliko mahali pengi duniani, maana ukijua mipaka yake huko utajua haki hii haijawahi kuwa bila wajibu. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliridhiwa mwaka 1791. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu ilisema kwa mara ya kwanza waziwazi kwamba yanamlinda mtu mmoja mmoja kuwa na silaha nyumbani kwa kujilinda. Ilifuta marufuku ya bastola ya mji mkuu, pamoja na sharti kwamba kila silaha ya nyumbani ikae imefunguliwa vipande au imefungwa kufuli kwenye kifyatulio, kwa sababu sharti hilo halikuacha nafasi ya kujilinda. Wengi hukumbuka hapo tu. Katika hukumu hiyo hiyo mahakama ilisema haki hiyo haikosi mipaka, na kwamba hoja zake hazimaanishi kuwa sheria za kuhifadhi silaha ili kuzuia ajali ni batili. Mwaka 2022 kesi ya Bruen ilipanua haki ya kubeba bastola nje ya nyumba. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane kati ya tisa walikubali kwamba mtu aliyethibitishwa na mahakama kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha.

Nchi nyingi nyingine hazina haki ya namna hiyo katika katiba. Huko silaha ni ruhusa, hutolewa kwa sababu uliyoitaja kwenye fomu na huondolewa sababu hiyo ikiisha. Kama yako ni moja ya nchi hizo, basi bado una haki, lakini ni za aina nyingine: kusikilizwa kabla ya leseni kufutwa, kupewa sababu kwa maandishi, kukata rufaa, kutopekuliwa nje ya utaratibu, kulipwa fidia mali yako ikichukuliwa kwa manufaa ya umma. Australia ilipopiga marufuku aina nyingi za bunduki baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwezi Aprili 1996, ilizinunua. Takriban 650,000 zilirudishwa na wenyewe wakalipwa. Haki hizi za utaratibu hazina mvuto wa maneno makubwa, lakini ndizo utakazozihitaji siku ofisa atakapokudai kitu ambacho sheria haimpi.

Turudi kwa shemeji. Najua uzito wa ombi la shemeji, na najua kwamba ukikataa utaonekana humwamini. Mweleze hivi. Anayenunua bunduki kwa jina lake kwa ajili ya mwingine huitwa mnunuzi kivuli, na hiyo ni mojawapo ya njia kuu ambazo silaha za dukani huingilia kwenye uhalifu. Usafi wa shemeji haukuokoi. Marekani kulikuwa na askari wa zamani wa Virginia aliyemnunulia mjomba wake bastola ili apate punguzo la bei la polisi. Mjomba alikuwa na sifa zote za kumiliki silaha, na hata alifanyiwa uchunguzi wa kumbukumbu kabla ya kukabidhiwa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilithibitisha hatia ya yule mpwa, kwa sababu kwenye fomu alitia saini kwamba mnunuzi halisi ni yeye. Kosa lilikuwa uongo juu ya mikono inayopokea. Tangu mwaka 2022 ununuzi kivuli ni kosa lake lenyewe katika sheria ya shirikisho, na adhabu yaweza kufika miaka 15.

Halafu fikiria mbele kidogo. Maombi yake yamekwama kwa sababu gani? Huenda ni uvivu wa ofisi. Huenda kuna jambo ambalo hata wewe hulijui. Ukimnunulia, utakuwa umeruka ukaguzi uliowekwa kwa ajili ya kulijua jambo hilo, na kwa miaka yote ijayo, kila itakapotokea tatizo, namba ile itarudi kwenye jina lako. Msaidie kufuatilia maombi yake, hata kumlipia wakili. Huo ni undugu pia.

Na sasa dari.

Ndugu yangu, leseni ni ya mtu, haiko kwenye chuma. Mwenye leseni akifa, leseni yake inakufa naye, na bunduki haigawiwi kama viti na vitanda. Nchi nyingi humpa mrithi au msimamizi wa mirathi muda maalumu wa kuisalimisha, kuihamisha kwa mwenye leseni au kuomba leseni yake mwenyewe. Muda huo ukipita, anayeishi na bunduki hiyo huku akijua ipo anamiliki silaha haramu. Umeniandikia ukilalamika kwamba watu wa silaha haramu wanakuharibia jina, na kwa maelezo yako mwenyewe wewe ni mmoja wao. Sisemi kukuumiza. Nasema kwa sababu silaha nyingi haramu duniani zimekaa hivyo hivyo, kwa watu wasio na nia mbaya, zikimsubiri fundi wa paa, mjukuu mdadisi au mwizi.

Usiipeleke popote wewe mwenyewe. Kupanda gari na bunduki isiyo na karatasi, hata kama unaelekea kituoni, kunaweza kukukamatisha njiani, na askari atakayeiona mkononi mwako hajui nia yako. Usiizike, usiitupe mtoni, usimuuzie mtu. Usijaribu kuifungua kuona kama ina risasi. Chukulia kwamba inazo, na risasi za zamani hazitabiriki. Zuia watu wasipande darini. Kisha mwone wakili, umweleze yote, aulize kwa niaba yako kama kuna kipindi cha msamaha na utaratibu wa kukabidhi ukoje.

Msamaha huo haupo kwa huruma tu. Mwaka 1968, katika kesi ya Haynes, Mahakama Kuu ya Marekani iliona kwamba huwezi kumwadhibu mtu kwa kutosajili silaha aliyonayo kinyume cha sheria ikiwa kuisajili kungekuwa kujishtaki mwenyewe. Nchi zenye busara zimelijibu tatizo hilo kwa kufungua mlango wa kurudisha bila kushtakiwa. Australia ilifanya hivyo kwa miezi mitatu mwaka 2017 na kupokea bunduki zaidi ya 57,000, kisha tangu Julai 2021 imeufanya msamaha kuwa wa kudumu. Kama kwenu hakuna kipindi kilicho wazi sasa, wakili bado anaweza kupanga makabidhiano kwa maandishi kabla polisi hawajaja, na kufika kwa hiari kuna uzito mkubwa mbele ya mwendesha mashtaka. Kama mama anataka kubaki na kumbukumbu ya mzee, wakili aulize kama sheria inaruhusu bunduki kulemazwa na fundi aliyeidhinishwa, ikabaki chuma kisichoweza kufyatua.

Siku ya kukabidhi, usiondoke bila hati ya mapokezi. Iwe na aina ya bunduki, namba yake, tarehe, jina na cheo cha aliyepokea, na saini yake. Bunduki zilizouzwa na yule kanali wa Afrika Kusini, nyingine zilikuwa zimerudishwa na raia waliofanya jambo sahihi. Baada ya muda, mwombe wakili aandike kuuliza kama ya baba yako imeshaharibiwa, na adai jibu kwa maandishi. Hilo nalo ni haki yako.